Ufuo haujaishiwa, umefunikwa

Swali: Mwezi uliopita, baada ya siku kadhaa za upepo mkali, nilipata ufuoni sarafu nyingi za zamani na pete mbili. Tangu hapo nimerudi mara kwa mara mahali pale pale, na mashine ile ile ya kutambua metali, lakini naambulia vizibo vya soda na vipande vya makopo tu. Je, wenzangu wameshamaliza vitu? Au mashine yangu imechoka, ninunue nyingine? Na kuna jambo linanishangaza zaidi: mke wangu haendi na mashine, yeye huokota mbegu, maboya na vioo vilivyolainishwa na bahari. Siku ninazokosa mimi ndizo anazojaza kikapu. Kulikoni?

Jibu: Mashine yako ni nzima, na vitu havijaisha. Kilichobadilika ni mchanga uliopo kati ya koili yako, lile duara la mashine unalolipitisha juu ya ardhi, na vitu hivyo.

Siku zile za upepo mkali, mawimbi yalikwangua mchanga wa juu na kuuvuta baharini. Ulipofika, ulikuwa unapitisha koili karibu kabisa na tabaka la zamani ambalo kwa kawaida huzikwa mbali chini. Bahari ilipotulia, mchanga ukaanza kurudi. Leo unasimama palepale ukitazama mnara uleule na mnazi uleule, lakini huenda miguu yako iko nusu mita juu ya ilipokuwa mwezi uliopita. Mashine nyingi za kawaida huisikia sarafu moja ikiwa kwenye kina cha sentimita 20 hadi 30, tena hali ikiwa nzuri. Ufuo ulio wazi kwa mawimbi unaweza kushuka au kupanda mita nzima, pengine na zaidi, kwa dhoruba moja tu. Ziweke hizo hesabu mbili pamoja na utaelewa kwa nini kubadili mashine hakutakusaidia sana. Hata ukinunua inayozama sentimita kumi zaidi, bahari inakuzidi mara kumi kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo nakuomba ubadilishe unachokitafuta. Watu wengi hufika ufuoni wakijiuliza, “Watu walikaa wapi? Waliogelea wapi?” Hilo ni swali zuri kwenye mchanga mkavu wa juu, ambako vitu vilivyodondoka jana bado vipo. Lakini kwenye upwa, sehemu ambayo maji hupanda na kushuka kila siku, swali la kwanza ni hili: leo mchanga umeondoka wapi?

Mchanga una mwendo wake, na ukiujua utaweza kuukadiria kabla hujatoka nyumbani. Mawimbi yanayozaliwa na upepo wa karibu huwa marefu kwa kimo na hufuatana kwa haraka, kila sekunde tano, sita au saba. Wimbi moja linapopanda ufuoni maji yake hayapati nafasi ya kunywea mchangani, kwa sababu jingine limeshafika. Mchanga unabaki umelowa chepechepe, na maji yanayorudi baharini yanaubeba na kwenda kuutua nje kidogo, ambako hujenga fungu la chini ya maji. Upepo ukiisha, yanabaki mawimbi mafupi kwa kimo lakini mapana, yaliyosafiri kutoka mbali, yenye nafasi ya sekunde 12 au zaidi kati ya moja na jingine. Hayo hufanya kazi ya kinyume. Husukuma mchanga wa lile fungu kurudi ufukweni kidogo kidogo, mpaka fungu lenyewe linaungana na ufuo.

Kasi za kazi hizo mbili hazilingani hata kidogo. Kuondoa mchanga huchukua saa chache. Kuurudisha huchukua wiki, na baada ya dhoruba kubwa huchukua miezi. Tofauti hiyo ndiyo nafasi yako wewe mtafutaji, ila usidanganyike kwamba una miezi ya kustarehe. Tabaka jembamba la kwanza hurudi mapema, na sentimita 30 tu zinatosha kukufungia mlango. Wakati ninaoupenda ni kupwa kwa kwanza baada ya mawimbi kuanza kushuka, na kupwa mbili tatu zinazofuata. Kwenda dhoruba ikiwa bado inapiga ni hatari na hakuna faida, maana mchanga bado uko mbioni. Ukitazama utabiri wa bahari, usisome kimo cha mawimbi peke yake. Soma na sekunde zake. Mawimbi ya mita mbili yenye sekunde sita yanachimba, na ya mita moja yenye sekunde 14 yanafukia.

Mfano bora wa jambo hili ninaoujua ni wa pwani ya mashariki ya Florida, Marekani. Tarehe 31 Julai 1715 tufani iliangamiza meli 11 za msafara wa Kihispania uliokuwa ukirudi nyumbani na shehena ya fedha na dhahabu. Zaidi ya miaka 300 baadaye, sarafu za meli zile bado huonekana ufuoni. Hazionekani siku za jua na bahari shwari, ambapo ufuo umejaa mchanga na watu. Huonekana baada ya tufani kukata ufuo hadi matabaka ya chini. Septemba 2004 tufani mbili, Frances na Jeanne, zilitua karibu mahali pamoja kwenye pwani hiyo kwa tofauti ya wiki tatu hivi. Zingatia hali ya namna hiyo, kwa sababu dhoruba ya pili hukuta ufuo ambao haujapona. Mchanga wa akiba umeshaondoka, na kila wimbi linakula tabaka ambalo kwa kawaida haliguswi. Dhoruba mbili za wastani zinazofuatana hunitia hamu ya kutoka kuliko moja kubwa iliyopiga ufuo ulioshiba.

Sasa tuje kwenye vile vizibo na makopo yako, maana vinakueleza mengi kuliko unavyodhani. Mchanga wa kawaida, ule wa kwatzi, una uzito wa gramu 2.65 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Aluminiamu ni 2.7, karibu sawa kabisa na mchanga. Chuma ni 7.9, shaba 9, fedha 10.5, risasi 11.3, na dhahabu safi 19.3. Pete ya dhahabu ya karati 18 huwa takriban 15, kwa sababu imechanganywa na metali nyingine. Bahari hupepeta vitu hivi kama mpishi apepetavyo mchele kwenye ungo: vyepesi huenda na kurudi pamoja na mchanga, vizito hubaki nyuma. Mawimbi yanapotikisa mchanga uliolowa, chembe zake huachana kwa muda, na pete iliyo juu yake inazama kidogo. Wimbi jingine, inazama tena. Inaendelea hivyo hadi igote kwenye kitu kigumu: kokoto, ganda la udongo mfinyanzi, kitanda cha makombe au mwamba. Hapo hutulia, na huko ndiko zilikokuwa zile pete zako za mwezi uliopita, na ndiko ziliko nyingine nyingi ambazo hujaziona.

Kwa hiyo unapochimba mara nne au tano mfululizo na kila mara ni aluminiamu na vizibo vipya, ufuo umekwambia kwamba hapa kuna mchanga uliorudi juzi na takataka zake. Usipoteze saa nzima hapo. Ukianza kupata risasi za mishipi ya kuvulia samaki, misumari mizito na sarafu zilizoliwa, punguza mwendo mara moja na uchimbe kila mlio. Risasi ndiyo rafiki wa kweli wa mtafutaji wa dhahabu, maana mawimbi yanayoweza kukusanya risasi mahali pamoja yanaweza kukusanya na pete. Wengi huitupa kwa hasira. Mimi nikiiona husimama, naweka alama, kisha nazunguka pale kwa mistari inayokaribiana.

Hali ya sarafu nayo inasema jambo. Dhahabu haibadiliki. Fedha hugeuka nyeusi, shaba hugeuka kijani, na chuma hujifunga ndani ya donge la kutu na mchanga. Sarafu za senti moja za Marekani zilizotengenezwa baada ya 1982 zina zinki asilimia 97.5 chini ya ngozi nyembamba ya shaba, na maji ya chumvi huzitafuna upesi sana. Ukipata sarafu mpya zinazong'aa karibu na uso, uko kwenye vitu vya msimu huu. Ukipata zilizokonda na zilizopoteza maandishi, zikiwa zote kwenye kina kimoja, umefikia tabaka. Kina hicho kiandike. Ukisogea hatua kumi na kukuta sarafu nyingine kwenye kina hichohicho, huo ni mstari, nawe una kazi ya kuufuata hadi uishe.

Utalijuaje tabaka hilo kabla hata ya kuwasha mashine? Anza na miguu. Mchanga uliorudi karibuni ni laini na una hewa ndani, mguu unadidimia. Mchanga uliokwanguliwa ni mgumu, unatembea kama sakafuni. Halafu tazama rangi. Mchanga mpya mara nyingi ni mweupe na wa chembe za aina moja, ilhali wa zamani ni wa kijivu au wa kahawia, umechanganyika na makombe yaliyovunjika na kokoto. Kiraka cha kokoto kilichojitokeza katikati ya ufuo wa mchanga ni mahali pa kwanza ninapoelekea, kwa sababu nguvu iliyoacha kokoto pale ndiyo inayoacha metali. Genge la mchanga, ule ukingo uliokatwa wima na mawimbi, lina thamani kubwa chini yake kuliko juu. Pita na koili chini ya genge kwa urefu wake wote, kisha upite kwenye mfereji ulio mbele yake, ule unaobakiwa na maji baada ya bahari kupwa. Ukuta wa genge wenyewe usiuchimbe kwa pembeni ukiwa umeinama. Unaanguka bila taarifa, na mita moja ya mchanga mbichi ni mzigo ambao mtu mmoja hawezi kujitoa chini yake.

Chagua pia kipimo kisichohama. Inaweza kuwa ngazi ya saruji inayoshuka ufuoni, nguzo ya gati, au mwamba wenye ufa unaoutambua. Kila ukifika, hesabu vidato vinavyoonekana au pima kwa fimbo kutoka ufa hadi mchangani, kisha piga picha ukiwa umesimama mahali palepale. Baada ya miezi michache utakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mtu atakayekuuzia. Utajua kwamba vidato vitatu vikionekana, sarafu ziko karibu, na kidato kimoja kikionekana, ni heri uende kwingine. Fimbo nyembamba ya chuma ya kuchomea mchangani inasaidia pia. Ikigota kwenye kokoto kwa sentimita 20, washa mashine. Ikizama yote, endelea kutembea.

Tena usiuchukulie ufuo mzima kuwa kitu kimoja. Mawimbi yakija kwa mshazari husukuma mchanga kandokando ya pwani, na kwenye ghuba yenye ncha mbili za mawe, ncha moja hupoteza kile ambacho nyingine inapata. Upepo wa msimu ukigeuka, mchezo unageuka nao. Ninalishuku sana jambo hili katika kisa chako. Unarudi mahali pale pale, wakati sehemu iliyochimbwa sasa huenda iko upande wa pili. Gati na kuta za mawe zilizoingia baharini hufanya vivyo hivyo: upande unaopokea mchanga hunenepa na upande wa pili hudhoofika. Nenda upande uliodhoofika.

Kuhusu maji kupwa na kujaa, nitasema yale tu yanayogusa kazi yako. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hufika siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi mwandamo, na hapo maji hupwa mbali, yakifunua ardhi ambayo siku za maji mafu huioni. Kwenye pwani zenye kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa hadi kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku kupwa huchelewa kwa dakika kama 50. Maji hayashuki kwa kasi moja. Saa ya tatu na ya nne za kupwa, kwa jumla, hubeba karibu nusu ya maji yote. Mimi huanza saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa, nikiyafuata yanavyoshuka, ili nikifika kwenye mstari wa mwisho niwe nimeshajua ufuo ulivyo siku hiyo. Pwani nyingine hupata kupwa moja tu kwa siku, na kwenye sehemu kubwa ya Mediterania tofauti ni ndogo kiasi kwamba upepo una sauti kubwa kuliko mwezi.

Na hapa kuna kitu ambacho jedwali la maji halikuonyeshi. Jedwali hukokotolewa kutokana na mwendo wa mwezi na jua, halijui hali ya hewa ya siku hiyo. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali moja, uso wa bahari hupanda kwa takriban sentimita moja. Mgandamizo ukiwa chini kwa 30, una sentimita 30 za maji ya ziada. Kwenye ufuo unaoteremka mita moja kwa kila mita 50, hizo ni mita 15 za upwa ambazo hutaziona, hata kama jedwali limeahidi bamvua nzuri. Upepo unaotoka baharini huongeza hasara hiyo. Kinyume chake, siku ya mgandamizo wa juu na upepo wa kutoka nchi kavu, maji huenda mbali kuliko yalivyotabiriwa. Siku kama hiyo ikiangukia wiki ya bamvua, acha shughuli nyingine kama unaweza.

Upepo wa nchi kavu una faida nyingine ambayo watu huisahau. Kwenye mchanga mkavu wa juu, upepo mkali wa siku mbili hubeba chembe na kuacha vitu vizito vikiwa vimekaa juu ya vichuguu vidogo vya mchanga. Hapo hata macho matupu yanatosha, mradi utembee jua likiwa chini.

Sasa mashine. Nimesema ni nzima, lakini hali ya ufuo hubadilisha hata inavyosikia. Maji ya bahari hupitisha umeme mara mia na zaidi kuliko maji mengi ya mtoni, na mchanga uliolowa chumvi, kwa mashine, ni kama metali dhaifu iliyotandazwa kila mahali. Mashine inayotumia masafa mamoja, tuseme kilohezi 10, huwa tulivu kwenye mchanga mkavu na hupiga kelele ukiingia mchanga wa maji. Ukiipitisha koili kutoka pakavu kwenda palipolowa kwa mfagio mmoja, italia hata kama hakuna kitu. Kwa hiyo panga mwendo wako ili koili ibaki kwenye unyevu wa aina moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa kila mfagio, na kimo chake kutoka ardhini kisibadilike. Punguza unyeti wa mashine hadi inyamaze. Mtu anayeogopa kupunguza kwa kuhofia kupoteza kina husikia kelele tupu, na ndani ya kelele hizo mlio dhaifu wa pete haujulikani.

Mchanga mweusi wenye sumaku ni taabu nyingine. Ni mzito, gramu 5 hivi kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo mawimbi yanayoondoa mchanga mweupe huuacha ukiwa umejikusanya kwenye michirizi. Maana yake ni kwamba mahali pazuri pa kutafuta ndipo mashine inapoona vibaya. Rekebisha upya usawa wa ardhi, ule mpangilio unaoizoesha mashine udongo ilipo, kila ukiingia kwenye michirizi hiyo, na upunguze mwendo.

Kuna kosa moja la mpangilio ambalo linawakosesha watu dhahabu kila siku. Wakichoshwa na vishikizo vya makopo, huiamuru mashine ivichuje. Pete nyingi nyembamba za dhahabu hutoa mlio unaofanana kabisa na wa vishikizo hivyo. Ukivifungia nje, umefungia na pete. Chuja chuma ukipenda, lakini kwenye ufuo uliokwanguliwa chimba kila kisicho chuma. Kwenye ufuo uliofunikwa ondoka, usianze kuchuja.

Je, ununue nyingine? Kama yako ni ya masafa mamoja na inashindwa kutulia kwenye mchanga wa maji hata ukipunguza unyeti, basi mashine ya masafa mengi itakufungulia upwa wote, kwa kuwa hulinganisha majibu ya masafa hayo na kuitenga chumvi. Zipo pia za mapigo, ambazo hutuma pigo la umeme, husubiri kitambo kidogo cha sehemu za milioni za sekunde hadi mwitikio wa chumvi ufifie, kisha husikiliza. Huenda chini zaidi na haziogopi mchanga mweusi, lakini nyingi hazitenganishi vizuri chuma na dhahabu, kwa hiyo zinakutaka uchimbe kila kitu. Kama mashine uliyonayo inatulia kwenye upwa, hifadhi fedha zako.

Nije kwa mke wako, maana swali lake ndilo lililonifurahisha zaidi. Yeye na wewe mnategemea bahari mbili tofauti. Unachotafuta wewe kinazama. Anachookota yeye, kwa sehemu kubwa, kinaelea, na kinachoelea huletwa na upepo na mikondo ya juu. Upepo wa wastani ukivuma kutoka baharini kwa siku kadhaa, bila dhoruba, vitu vinavyoelea husukumwa ufuoni na kulazwa kwenye mstari wa mwani. Mawimbi ya siku hizo mara nyingi ni ya chini, hayana nguvu ya kukwangua, na mchanga huendelea kurudi. Hali ileile inayojaza kikapu chake ndiyo inayofunika sarafu zako.

Upepo ni mchambuzi mkali wa vitu vinavyoelea. Januari 1992 meli ya Ever Laurel ilipoteza makontena katikati ya Bahari ya Pasifiki, na katika mojawapo mlikuwa na vinyago 28,800 vya plastiki vya kuchezea watoto bafuni: bata, kasa, chura na bivari. Vya kwanza vilionekana karibu na Sitka, Alaska, mwezi Novemba mwaka huohuo, na mtaalamu wa bahari Curtis Ebbesmeyer alitumia ripoti za waokotaji wa ufuoni kuifuatilia mikondo ya Pasifiki. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1990, meli ya Hansa Carrier ilimwaga maelfu ya viatu vya Nike kwenye bahari hiyohiyo, na kulikuwa na fuo zilizopokea zaidi vya mguu wa kushoto na nyingine vya kulia, kwa sababu umbo la kila kimoja lilishika upepo kwa upande wake. Ikiwa kushoto na kulia vinaweza kuachana, usishangae mbegu zikiangukia ncha moja ya ufuo na maboya ncha nyingine.

Mwambie asome mistari ya mwani kwa tarehe. Ule wa chini kabisa ni wa maji ya leo. Wa juu yake ni wa bamvua iliyopita. Ule ulio juu kabisa, karibu na majani, ni wa dhoruba ya mwisho, na hautaguswa hadi dhoruba nyingine. Mbegu nzito zenye gamba gumu, kama komwe na zile kubwa za jamii ya Entada, hukaa kwenye mistari ya juu kwa muda mrefu kwa sababu haziozi. Huko apekue kwa mkono chini ya mwani mkavu, lakini asichimbe. Pale juu ndipo kasa hutaga, na katika msimu wao hata wewe na sepetu yako mkae mbali.

Vioo viko tofauti. Kioo hakielei. Uzito wake ni gramu 2.5 hivi, jirani wa mchanga, kwa hiyo kipande cha kioo huenda pamoja na kokoto zenye ukubwa wake. Atafute mistari ya changarawe ya ukubwa wa ukucha, hasa baada ya mawimbi kuigeuza. Na kioo kinahitaji chanzo. Glass Beach ya Fort Bragg, California, ina vioo kwa sababu watu walitupa taka pale tangu 1906 hadi 1967. Seaham, Uingereza, inavyo kwa sababu kiwanda cha chupa kilimwaga mabaki yake baharini hadi kilipofungwa mwaka 1921. Vyanzo vya aina hiyo haviongezeki, kwa hiyo kila mwaka vioo vyake hupungua. Hapo ndipo neno “kuisha” lina ukweli.

Kuna badiliko moja lisilotokana na bahari, nalo ni mchanga unaomwagwa na binadamu kuongeza ufuo. Ukisikia meli za kunyonya mchanga zimefanya kazi kwenye ufuo wako, tabaka la zamani limezikwa mita kadhaa na usilitarajie kwa miaka. Lakini tazama mchanga wenyewe umetoka wapi. Uholanzi ilipojenga Zandmotor, rundo kubwa la mchanga la kulinda pwani yake, mwaka 2011 kwa mita za ujazo milioni 21.5 zilizonyonywa kutoka Bahari ya Kaskazini, pamoja na mchanga vilikuja vitu vya nchi iliyozama mwishoni mwa enzi ya barafu. Waokotaji wameokota pale mifupa ya wanyama wa enzi hiyo, na mwaka 2016 kilipatikana kipande cha jiwe chenye lami ya mti wa betula, kazi ya mikono ya Neanderthal, binadamu wa kale waliotoweka.

Vitu vya namna hiyo, pamoja na mali ya meli zilizozama, si vyako kwa sababu tu umevikuta. Uingereza, kwa mfano, mali ya meli iliyozama lazima iripotiwe kwa afisa wa serikali anayehusika na mali hizo ndani ya siku 28. Ulizia sheria ya pwani yako kabla ya dhoruba ijayo.

Ufuo uliokwanguliwa hufunua pia mabomu ya vita vya zamani. Donge la kutu lenye umbo la silinda usiligonge wala kulitingisha. Weka alama, rudi nyuma, wapigie polisi. Na kama nyinyi wawili mtawahi kuokota kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, kwenye pwani za Baltiki, mpe mke wako onyo hili kwa uzito wake. Kaharabu huletwa na dhoruba za majira ya baridi kwa kuwa ni nyepesi sana, karibu sawa na maji ya bahari yenyewe. Kuna kitu kingine kinachofanana nayo kwa rangi na mwonekano, nacho ni fosforasi nyeupe kutoka kwenye mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Ikiwa imelowa imetulia. Ikikauka na kupata joto la mwili mfukoni huwaka yenyewe, na moto wake hufikia nyuzi 1,300 za Selsiasi. Kila kipande cha manjano kiwekwe kwenye kopo la bati lililo wazi, lishikwe mbali na nguo, na kiachwe humo nje ya nyumba hadi kikauke kabisa ndipo kiguswe tena.